Midomo ya Sikuzani na Mawese ya Kizuka

Kwenye soko ya samaki ya Rumonge wanasema Sikuzani iko na maringo. Hiyo neno nimeisikia mpaka nimechoka. Eti saa kumi na mbili ya asubuhi mutu amejipaka ruji ya mudomo, kwa ajili ya nani, ya wale samaki? Eti hata chai hanywi na wenzake. Basi nasema mimi, Bora, juu nimeuza naye meza kwa meza miaka sita, na hao wanaosema hawajamupa hata kiti akae.

Sikuzani anauza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwa. Alizaliwa kule Baraka, ng'ambo ya ziwa, mama yake akamuvusha akiwa mutoto wa mugongoni, wakati wa vita ya kule. Leo iko na miaka ishirini na nane. Anaimba kwenye kwaya ya kanisa lao, sauti nzito kama ya mwanaume, na pombe hajawahi kuonja. Hata ile ya ndizi ambayo watu wanaita juisi, hajaonja.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kidoa cheupe kilitoka kwenye pembe ya mudomo wa chini. Akadhani ni chumvi ya ndagala. Akasugua na limau. Kikakua. Mwaka haukuisha, midomo yote miwili ilikuwa imepoteza rangi, imekuwa pinki kama ulimi, na pinki ile imeanza kushuka kwenye kidevu. Muuguzi alimuambia ni mbalanga, ugonjwa wa ngozi tu, haiambukizi, haiui, na dawa yake hapa hakuna. Akamuambia pia: "Haiumi." Yule muuguzi hakuwa mutu wa hapa.

Juu hapa kwetu, mutu mwenye midomo myekundu watu hawaulizi ana nini. Wanajua. Ni kanyanga. Ile pombe kali ya kupikwa porini, ile inayochoma midomo mpaka inabambuka. Mwanaume wa midomo ile wanamucheka, kisha wanamununulia nyingine. Mwanamuke wa midomo ile amekwisha. Kuna mama mumoja alishapima ndagala, alishafunga kwenye mufuko, alipoinua macho akaona ule mudomo, akamwaga ndagala zote mezani. "Sinunui chakula kwa mulevi." Hivyo tu, akaenda meza ya pili.

Ndiyo siku Sikuzani alinunua ruji ya kwanza. Rangi ya kahawa yenye wekundu kidogo, isiyopiga kelele. Toka siku ile hakuna mutu wa soko aliyeona midomo yake tena.

Wanawake wengine wanapaka ruji wapendeze, ikitoka wanapaka tena, maneno yameisha. Yeye ikitoka anaanguka. Kwa hiyo alijifundisha. Anapaka, anabana midomo kwenye karatasi, anapuliza poda juu, anapaka tena, anabana tena, mara tatu. Ikishakauka hivyo, maji yanapita bila kuigusa. Chai anaacha ipoe, anakunywa na murija wa plastiki, ule wa soda, anauweka nyuma ya meno. Mukate anakata vipande kama karanga, anafungua mudomo wote, anatupia ndani, anafunga polepole. Halambi. Hafuti. Akicheka anacheka na macho.

Lakini hakuna ujuzi unaoshinda mawese. Maji hayaingii ndani, chai haiingii ndani, lakini mawese tone moja tu, ruji yote inayeyuka inashuka kwenye kidevu. Na sasa niambie, Rumonge hii, chakula gani hakina mawese? Maharage mawese. Samaki mukeke mawese. Mboga ya lengalenga mawese. Hata mutu akikukaribisha muhogo wa kuchemsha, pembeni kuna mawese na pilipili. Basi Sikuzani alikula nyumbani kwake saa kumi ya usiku kabla ya kutoka, na jioni akirudi, mulango umefungwa. Harusi, matanga, ubatizo, yeye na Fanta yake na murija wake. Miaka minane. Watu wakasema maringo.

Nestori alikuja kwake kwa njia ya mafuta. Anatoka kijiji cha Kizuka, analeta mawese Rumonge kwenye baiskeli, mabido, yale madumu, matano matano. Kijana mupole. Mupole sana, nilimupenda mimi pia kama shemeji, sitakataa. Alimuzungukia Sikuzani mwaka muzima. Siku moja Sikuzani akaniambia, "Bora, njo nyumbani leo, nataka uwepo." Nikaenda. Nestori alikuwa amekaa kwenye kiti. Sikuzani akachovya kidole kwenye mawese, akajifuta midomo mbele yetu, akajifuta mpaka ikabaki kama ilivyo. Kisha akasimama hapo katikati ya nyumba, mikono chini.

Nestori akamuangalia. Akasema, "Hiyo ndiyo ulikuwa unaficha? Mimi nilidhani una bwana kule Uvira."

Tulicheka watu watatu. Sikuzani alicheka na mudomo wazi, ndiyo nilijua kwamba iko na pengo la jino upande wa kushoto. Usiku ule walikula sahani moja, maharage. Niliwaona.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa ushajua alichokuwa anataka. Si gauni, si picha za harusi. Alikuwa anataka nyumba moja duniani ambapo anakula na mutu mwingine bila kufikiri.

Nestori akaja na ruji mupya, zawadi, rangi ileile. Akasema, "Mama anataka kukuona kabla hatujapeleka mahari kwenu. Lakini hiyo ya midomo, usimuonyeshe sasa. Tuoane kwanza, atazoea."

"Na chakula je?" Sikuzani akauliza.

"Nitamuambia unaumwa tumbo."

Hakumuambia kitu kingine. Kumbuka hiyo. Kulikuwa na neno kubwa la kumuambia kuhusu mama yake, na alinyamaza nalo.

Tulienda siku ya Mungu baada ya misa na ibada, mimi na yeye. Esanse, ile petroli, haikuwepo, pikipiki zote zilikuwa zimelala kwenye foleni ya kituo, tukapanda baiskeli za abiria, na pale kwenye mupando wa kilima tukashuka tukatembea na viatu mukononi. Sikuzani alikuwa amekula saa nne. Ruji alipaka mara nne badala ya tatu. Ndani ya sakoshi alikuwa na kioo, karatasi, poda, na murija mupya wa soda, bado uko kwenye karatasi yake.

Nilimuuliza, "Huo wa nini?"

"Kule wanakunywa na mirija ya majani, kila mutu anapokeza mwenzake. Mimi nikinywa, nitamupa mama mukwe murija mwekundu? Ni aibu. Na ile minene inafuta."

Niliona ana akili. Hata mimi ningefanya hivyo. Mutu wa muji hawezi kuona ubaya wa murija.

Mama yake na Nestori anaitwa Agata. Mujane, mwembamba, mikono myeusi ya kupika mafuta, nyumba safi hata kuku wanaogopa kuingia. Alitupokea na mikono miwili. "Amahoro, banangu, karibuni, kaeni hapa, hapa kuna upepo." Alikuwepo Karoli pia, ndugu ya marehemu, baba mudogo wa Nestori, ndiye aliyebaki na sauti ya ukoo. Na wamama wawili wa jirani, wamekaa mulangoni, macho yote kwa Sikuzani. Mumoja akasema kwa Kirundi kwamba ni mwiza, yaani muzuri. Mambo yalikuwa yanaenda.

Agata akaleta mutungi wa juisi ya ndizi. Alikuwa ameuliza, alijua Sikuzani hanywi pombe, akakamua ndizi yeye mwenyewe siku mbili. Akaweka mutungi katikati, akachukua murija wa jani, akanywa yeye wa kwanza. Hiyo ni desturi, kila mutu anaijua, mwenye nyumba anaonja mbele ya mugeni ili mugeni aone hakuna kitu ndani. Lakini wengine wanaonja kidogo, kwa adabu tu. Agata alinywa mara tatu, akameza, akangoja, kama mutu aliye mbele ya polisi. Kisha akafuta murija na kiganja, akamupokeza Sikuzani na mikono miwili.

Sikuzani akashukuru kwa Kirundi, "Murakoze, mama." Akaupokea, akauweka polepole kwenye mukeka. Akafungua sakoshi. Akatoa murija wake, akapasua karatasi.

Ile karatasi ilisikika nyumba yote.

Sijui nikuambie vipi. Kama mutu amepiga kofi. Wale wamama wa mulangoni waliangaliana. Nestori akashika magoti yake. Na Sikuzani akaweka murija kwenye mutungi na akanywa, taratibu, nyuma ya meno, vizuri sana, na hakumwaga hata tone.

Karoli ndiye alianza. "Mugeni ametembea na murija wake," akasema. "Basi amesikia."

"Nimesikia nini, baba?" Sikuzani akauliza.

"Huku Kizuka murija hautembei na mutu kama simu. Mutu anayekuja na wake, ameambiwa."

Nikamunong'oneza Nestori, iko nini? Ni mama mumoja wa mulangoni aliyenijibu, kwa sauti ya chini, kama ananihurumia. Miaka mitano nyuma, kwenye matanga ya bwana yake Agata, mwanaume mumoja wa jirani alikunywa hapa, akarudi kwake, akalala, hakuamuka. Moyo, walisema hospitali. Kizuka walisema sumu. Toka siku ile nusu ya mutaa hawanywi kwake. Wakija, wanasema wameshiba. Na Sikuzani amekuja kuwa mutoto wa nyumba, na amekwepa murija wa mama.

Nestori alijua yote. Alijua midomo ya huyu na sumu ya yule, na alituacha tuingie vile.

Agata hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivuta mutungi kwake, akaweka mudomo kwenye ukingo, akanywa mbele yetu sote mpaka juisi ikamumwagikia kwenye shingo. Akaweka chini. Akapumua. Akaita chakula.

Mukeke mizima miwili, imelala kwenye mawese. Ugali wa muhogo. Lengalenga, mawese. Harufu nzuri, nasema kweli, mate yalinijaa na roho ilikuwa imekauka. Agata akamega ugali, akachovya upande huu akala, akachovya upande ule akala, akatoboa samaki kila mahali, mugongo, tumbo, kichwa, akala. Kisha akasogeza sahani kwa Sikuzani.

"Kula, mwanangu. Hata kidogo."

"Anaumwa tumbo," Nestori akasema.

Karoli akacheka na pua. "Tumbo. Wote wakifika hapa wanaumwa tumbo. Huu mulango una dawa ya kuumisha matumbo."

Agata alikuwa anamuangalia Sikuzani tu. Mama muzima, macho yamejaa maji, anamuomba mutoto ale. Na mimi nilimuona Sikuzani anahesabu kichwani. Akila, ruji inaondoka. Asipokula, amethibitisha mbele ya mashahidi kwamba huyu mama ni muchawi. Alimuangalia Nestori. Alikuwa anamuomba aseme neno moja tu. Mama, ni midomo yake, si wewe. Maneno sita. Nestori alikuwa anaangalia mutungi.

Basi Sikuzani akanawa. Akamega ugali si kama karanga, akamega kama mufanya kazi, akachovya chini kabisa pale mafuta yamekaa, akala. Akala samaki na vidole vyote. Akanyonya kichwa cha mukeke, akalamba kiganja, akaomba lengalenga ziongezwe. Miaka sita ya soko sijawahi kumuona anakula mbele ya watu, na alikula vizuri. Agata alianza kutabasamu. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo hivyo. Ndiyo hivyo, mwanangu." Wale wamama wa mulangoni mumoja alisogea, akachukua kipande naye.

Mawese yalikuwa yanashuka kwenye kidevu na rangi ndani yake. Sikuzani akachukua pembe ya kitenge, akajifuta, akainua uso.

Karoli akainama karibu, akaangalia ile midomo ya pinki.

"Aa," Karoli akasema. "Kanyanga. Sasa nimeelewa. Nilikuwa najiuliza mutoto wa kanisa anafichia nini rangi yote hiyo."

"Si kanyanga, baba. Ni ngozi. Ni mbalanga, niliandikiwa hospitali. Sinywi."

"Wote hawanywi. Mimi pia sinywi."

Wale wamama wakacheka. Agata hakucheka. Alimuangalia sana Sikuzani, mudomo, kidevu, macho. Kisha akamugeukia mutoto wake, na pale nilipata tumaini, juu sauti yake haikuwa na ubaya.

"Nestori. Ulijua hii?"

Hapo ndipo maneno yote yalikuwa. Angesema ndiyo, basi ni ugonjwa, mutoto wa nyumba ameujua na ameukubali, Karoli atacheka wiki moja atachoka. Mama alikuwa amemufungulia mulango mwenyewe.

"Sikujua, mama," Nestori akasema.

Nilisimama. "Muongo wewe. Nestori, muongo. Ulikaa kwake, alijifuta mbele yako, mimi nikiwepo, ukacheka, ukala naye sahani moja. Ruji aliyopaka leo nani alinunua?"

Karoli akamuuliza Nestori, "Na huyu naye wanakunywa pamoja?"

Nilitaka kumutupia ule mutungi. Sikuzani alinishika mukono, mukono wake ulikuwa bado na mafuta. Akamuambia Agata, "Murakoze kwa chakula, mama. Kilikuwa kizuri." Agata akajibu, "Umekula kwangu." Hiyo tu, na hakutusindikiza.

Tulirudi na miguu, juu hata baiskeli hatukungoja. Nestori hakutufuata. Nilipiga simu yake, ikaita, ikakatwa. Sikuzani hakulia barabarani. Alisema mara moja tu, "Aliulizwa vizuri." Akarudia, "Mama yake alimuuliza vizuri kabisa."

Soko lilijua kabla hatujafungua meza siku ya pili. Wamama wa Kizuka wanaleta mafuta kila asubuhi, na mafuta hayaji peke yake. Ile wiki aliuza nusu. Watu wakaanza kumunusa, nasema kweli, mutu anainama eti anaangalia ndagala, kumbe ananusa pumzi. Mwenye kwaya alimuomba apumuzike kidogo mpaka maneno yapoe. Hayajapoa.

Baada ya wiki tatu Agata alikuja. Peke yake, na kikapu. Akakaa kwenye gunia karibu na Sikuzani, kikapu kwenye magoti. Mimi nilikuwa tayari na matusi, nimeyapanga.

"Mutoto wangu alijua," akasema. "Nilimuona kwenye uso. Mimi ndiye nimemuzaa."

"Basi semeni hivyo kwa Karoli," nikamuambia.

"Nikisema, nimemuita mutoto wangu muongo mbele ya baba zake. Yeye ndiye niko naye. Bwana hayuko, jirani hawaji. Nikimupoteza yeye nabaki na nani?" Hakuwa ananijibu mimi, alikuwa anaongea na Sikuzani. "Mimi ningekuchukua. Midomo si kitu. Mimi mwenyewe unaona wananiita nini."

Sikuzani akasema, "Najua, mama."

"Nimekuja kukuomba kitu." Akavuta kitenge. "Wewe ulikula kwangu. Ulikula sana, na uko hapa. Watu wakikuuliza, waambie. Waambie ulikula samaki na mboga, ukarudi na miguu yako. Hakuna mwingine anayeweza kusema hivyo."

Nilingoja Sikuzani amufukuze. Mimi ningemufukuza. Sikuzani akamufungia ndagala, akamuongezea kiganja kimoja juu, akamuambia, "Nitawaambia."

Na anawaambia. Mutu wa Kizuka akipita, anamuita, anamueleza kwamba alikula kwa Agata, mukeke, kichwa na mukia, na hakuumwa hata kichwa. Watu wanasikiliza mpaka mwisho. Kisha wanaondoka wakisema mulevi na muchawi wameelewana.

Nestori ameoa mwezi wa nane, musichana wa kule Minago, niliona mapikipiki ya harusi yanapita, yalikuwa yamepata esanse. Sasa mawese yake anauzia upande wa juu wa soko, hapiti kwetu. Sikuzani bado anapaka mara tatu, anabana kwenye karatasi, anapuliza poda. Nilimuuliza kwa nini bado, na Rumonge yote imeshajua. Akasema kuna watu wanaotoka mbali, hawajasikia. Hao bado wananunua.

Jioni anafunga meza mapema kuliko sisi. Anaenda kula kwake, mulango umefungwa.